Peni ya Mlangoni

Tarehe 21 Septemba 1599, baada ya chakula cha mchana, yapata saa nane, kijana mmoja wa Kiswisi alivuka mto Thames pamoja na wenziwe, akaingia katika nyumba ya maigizo yenye paa la nyasi, akatazama kisa cha kuuawa kwa Julius Caesar wa Rumi. Jina lake lilikuwa Thomas Platter, mtu wa Basel aliyesomea utabibu, mgeni wa mji na mgeni wa lugha. Katika shajara yake aliandika kwamba waigizaji walikuwa yapata kumi na watano, kwamba waliigiza vizuri, na kwamba baada ya kisa kwisha walitoka wanne, wawili wamevaa mavazi ya kiume na wawili ya kike, wakacheza ngoma kwa ustadi mkubwa. Wataalamu wengi wanaamini kuwa nyumba hiyo ni Globe, ambayo mwaka huo ndiyo kwanza imejengwa, na kwamba tamthilia ilikuwa ile ya William Shakespeare, ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kupitiwa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*.

Shajara ya Platter husomwa sana kwa sababu ya tarehe hiyo. Lakini kuna mistari mingine ndani yake isiyotajwa mara nyingi, nayo inahusu fedha. Mgeni yule alitazama mlango kwa makini kama alivyotazama jukwaa. Anaeleza kwamba anayetaka kusimama chini uwanjani hulipa peni moja ya Kiingereza. Anayetaka kukaa huingia mlango wa pili, na hapo hutoa peni nyingine. Na anayetaka kukaa juu ya mto laini, mahali pazuri kuliko pote, ambapo anaona kila kitu na yeye mwenyewe anaonekana, hupita mlango wa tatu na kutoa peni ya tatu. Maneno hayo ya "kuonekana" ni ya Platter mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, na tayari alikwishafahamu kwamba wako watu wanaolipa ili watazamwe.

Peni hizo zilipokewa na wakusanyaji waliosimama milangoni wakiwa na vibubu vya udongo, vyenye tundu dogo la kupenyezea sarafu, ambavyo havikuweza kufunguliwa ila kwa kuvunjwa. Mwaka 1989, msingi wa nyumba ya maigizo iitwayo Rose ulipofukuliwa karibu na mto huo huo, vigae vya vibubu hivyo vilionekana ardhini. Kila kigae ni alasiri moja ya hesabu, na ni watu waliosimama mlangoni wakaamua kuingia.

Peni moja ilikuwa na thamani gani? Ilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya shilingi, na hiyo shilingi ndiyo iliyokuja baadaye kulipa jina lake fedha za Afrika ya Mashariki, hata Zanzibar ikaipokea mwaka 1936 badala ya rupia. Fundi aliyehitimu kazi mjini London, katika miaka ile ya mwisho ya karne ya kumi na sita, alipata karibu shilingi moja kwa siku. Kwa hivyo peni ya uwanjani ilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya ujira wake wa kutwa. Haikuwa bure, wala haikuwa ya kumuumiza. Kwa mwanagenzi, aliyelishwa na bwana wake na ambaye aghalabu hakuwa na mshahara wa kutajika, peni ilikuwa kitu cha kufikiriwa. Kulikuwa pia na mkate wa peni moja, na sheria ilitaka bei ya mkate huo isibadilike. Ngano ikipanda, kilichopungua ni uzito wake. Mtu aliyekuwa na peni katika mwaka wa njaa aliweza kuchagua kati ya mkate uliosinyaa na mchezo ambao haukusinyaa, kwa kuwa kiingilio cha uwanjani katika nyumba hizi za wazi kilibaki peni moja kwa miongo mingi.

Waliolipa peni hiyo walisimama muda wa saa mbili au tatu bila ya paa juu ya vichwa vyao. Walipewa jina la kejeli, groundling, ambalo kabla ya hapo lilikuwa jina la samaki mdogo anayeishi chini kabisa ya maji, tumbo lake likigusa mchanga. Shakespeare mwenyewe alimpa Hamlet neno hilo kinywani, tena kwa dharau, na bila shaka samaki wenyewe walikuwa wamesimama pale pale chini wakimsikiliza. Ni mzaha wa mtu anayewajua wateja wake.

Sasa, mtu huyo wa peni moja alichaguaje? Hapa ndipo Platter anaposema jambo ambalo wanahistoria wa maigizo wangepaswa kuliandika kwa wino mzito. Anasema kwamba kila siku saa nane mchana, mjini London, huonyeshwa michezo miwili, na wakati mwingine mitatu, katika mahali mbalimbali, na kwamba wanaoigiza vizuri zaidi ndio wanaopata watazamaji wengi zaidi. Mwenye nyumba hakuweza kumtegemea mtazamaji kwa mazoea. Upande wa kusini wa mto kulikuwa na Rose na Globe. Kaskazini, huko Shoreditch, ilikuwapo Curtain tangu mwaka 1577, mwaka mmoja baada ya James Burbage kujenga nyumba aliyoiita tu The Theatre. Bei ya uwanjani ilikuwa moja kote. Pale bei inapolingana, kinachobaki cha kushindania ni mchezo wenyewe.

Dalili za kumsaidia mteja zilikuwa chache. Matangazo yaliyopigwa chapa yalibandikwa kwenye nguzo za mjini. Bendera ilipandishwa juu ya paa siku ya mchezo, ikaonekana kutoka ng'ambo ya mto, na tarumbeta ikalia mara tatu kabla ya kuanza. Hapakuwa na gazeti wala mhakiki. Palikuwa na midomo ya watu tu: fulani aliona jana, akasema yule mcheshi alimvunja mbavu, au kwamba mfalme alikufa vibaya. Aidha, tamthilia mpya siku yake ya kwanza ilitozwa zaidi, mara nyingi maradufu. Mwenye haraka alilipa, na mwenye peni moja alingoja siku ya pili, ambapo bei ilikuwa imeshuka na habari zimekwishaenea. Huyo aliyengoja ndiye aliyekuwa mchaguzi wa kweli, maana aliingia akiwa amesikia.

Jinsi chaguo hilo lilivyowasumbua wenye nyumba inaonekana katika daftari la Philip Henslowe, mwenye Rose, lililosalia hadi leo. Henslowe hakuwa mshairi. Alikuwa mfanyabiashara, na daftari lake ni la mapato, madeni na bei za majoho. Lakini kwa kuwa aliandika siku kwa siku jina la tamthilia na fedha alizopata, ametuachia kitu ambacho hakuna mhakiki wa zama zake aliyetuachia, yaani kumbukumbu ya walichopenda watu. Tarehe 3 Machi 1592 mchezo aliouandika kwa jina la *Harey the vj*, ambao wengi wanauhesabu kuwa ni moja ya tamthilia za Shakespeare kuhusu mfalme Henry wa Sita, ulimpatia pauni 3, shilingi 16 na peni 8, pato ambalo hakulifikia tena msimu huo. Tamthilia nyingine zinaanza vizuri, zinapungua wiki baada ya wiki, kisha jina lake halionekani tena. Kikundi kilichoigiza hapo kilibadilisha mchezo takriban kila siku, na katika msimu mmoja kiliweza kuonyesha tamthilia zaidi ya thelathini, nyingi zikiwa mpya. Sababu ni nyepesi: aliyeingia Jumatatu kwa peni moja hatarudi Jumanne kuona kile kile. Njaa hiyo ya vitu vipya ndiyo iliyowalisha watunzi. Husemwa kwamba zama zile zilikuwa na vipaji vingi, nayo ni kweli. Lakini vipaji vingi huwako kila zama. Kisichokuwako kila zama ni maelfu ya watu wanaoweza kumudu kuchagua.

Tena tazama walichokuwa wakiandikiwa. *Juliasi Kaizari* haianzi na Kaizari. Inaanza na mafundi, seremala na mshona viatu, waliotoka barabarani siku ya kazi wakiwa na nguo zao nzuri, na wakubwa wawili wanawakemea: kwa nini hamko kazini, na ziko wapi alama za ufundi wenu? Mshona viatu anawajibu kwa mafumbo hata wakubwa wanakasirika. Siku ile Platter alipokaa au kusimama pale, saa nane ya mchana, uwanja ulikuwa na mafundi wa namna hiyo hiyo, waliotoroka kazi kwa namna hiyo hiyo, na wakuu wa mji wa London walikuwa kwa miaka mingi wakilalamika kwa Baraza la Malkia kwamba maigizo yanawavuta wanagenzi kutoka kazini. Mshairi aliwatazama wenye peni moja, akawaweka wao wa kwanza jukwaani. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri kazi hii hakuwapunguza. Mshona viatu wake ana ulimi vile vile.

Waathene wa kale walikuwa wamelifikiri jambo hili kabla. Huko kiingilio cha tamasha la Dionisio kilikuwa oboli mbili, na dola yenyewe ilianzisha mfuko wa kuwalipia raia. Mfuko huo ulilindwa kwa sheria kali kiasi kwamba Demosthenes, mwaka 349 kabla ya Masihi, aliyetaka fedha zake ziende vitani dhidi ya Filipo wa Makedonia, ilimbidi azungumze kwa kuzungukazunguka. London haikuwahi kuwa na mfuko kama huo. Peni yake ilikuwa biashara tupu, na pengine kwa hiyo ilikuwa rahisi kuiondoa.

Nayo iliondolewa polepole. Kuanzia mwaka 1609 hivi kikundi cha Shakespeare kilianza kutumia pia ukumbi wa Blackfriars, wenye paa na mishumaa, ambako mahali pa chini kabisa kwa bei palikuwa peni 6. Mwaka 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Bunge lilifunga nyumba zote. Zilipofunguliwa tena mwaka 1660, mfalme alitoa ruhusa kwa vikundi viwili tu katika London nzima. Uwanja wa kusimama haukurudi. Ukumbi wa chini ukawekwa viti virefu, na kiingilio chake kikawa shilingi 2 na peni 6. Mahali pa bei ndogo kuliko pote palikuwa roshani ya juu kabisa, kwa shilingi moja. Peni ikawa shilingi, na milango mingi ikawa miwili.

Anayetuonyesha maisha ya mtazamaji wa zama hizo ni Samuel Pepys, karani katika idara ya majeshi ya majini, aliyependa maigizo kama wengine wanavyopenda kileo. Alijiwekea viapo vya kutokwenda, akajitoza faini katika kisanduku cha maskini, kisha akatafuta mianya katika viapo vyake mwenyewe kwa ustadi wa wakili. Tarehe 1 Januari 1668 aliketi ukumbi wa chini, akatazama kulia na kushoto, akashangaa. Aliona wanagenzi na watu wa kawaida wengi, kila mmoja ametoa shilingi 2 na peni 6, ilhali yeye, alipoanza kumudu maigizo, kwa miaka kadhaa hakupanda juu ya mahali pa shilingi moja, na baadaye shilingi moja na nusu. Kuna uchungu kidogo katika maneno yake. Amefika kwenye viti vizuri baada ya miaka ya kuhesabu senti, na anawakuta vijana wamekwishafika. Hakujiuliza kama wao wamejinyima nini usiku ule.

Karne iliyofuata ilileta namna nyingine ya punguzo, ambayo haikuhusu mahali bali saa. Mchezo ulianza jioni mapema, wakati maduka na ofisi hazijafungwa. Tamthilia kubwa ilikuwa na maonyesho matano, na baada yake kulikuwa na kichekesho au kipande kifupi cha kumalizia usiku. Ikawa ada kwamba anayekuja baada ya onyesho la tatu alipa nusu. Karani, muuza duka na fundi waliingia wakiwa wamechelewa, wakakuta njama imekwishasukwa, wakaona kisu kikichomolewa bila ya kujua ugomvi ulianzaje. Huenda hili linaeleza kwa nini tamthilia nyingi za wakati ule zina mhusika anayesimama katika onyesho la nne na kusimulia yote yaliyotangulia. Ni dhana tu, lakini mtu aliyewahi kutafsiri tamthilia na kujiuliza kwa nini mhusika anarudia jambo ambalo kila mtu ameliona, ataipokea kwa faraja.

Mwaka 1763 David Garrick, mwigizaji mashuhuri kuliko wote na mmoja wa wenye ukumbi wa Drury Lane, alijaribu kuifuta ada hiyo. Tarehe 25 Januari, katika mchezo wa Shakespeare kuhusu mabwana wawili wa Verona, uliorekebishwa na Benjamin Victor, watu wakiongozwa na bwana mmoja aitwaye Fitzpatrick walisimama na kudai nusu bei irudishwe. Viti virefu viling'olewa, thurea zikavunjwa. Mwigizaji John Moody alimzuia mtu aliyetaka kutia moto jengo, na usiku uliofuata umati ulimtaka yeye, aliyeokoa nyumba, apige magoti kuwaomba radhi. Alikataa katakata, na nyuma ya pazia Garrick akamkumbatia. Lakini Garrick huyo huyo alikuwa amekwishakubali nusu bei. Mwezi wa Februari ghasia zilihamia ukumbi wa pili, Covent Garden, katika opera ya *Artaxerxes*, na huko nako wenye ukumbi wakasalimu amri.

Ghasia hizo zimesimuliwa mara nyingi kama utovu wa adabu wa umma wa zamani, na kwa kweli hakuna anayeweza kumtetea mtu wa kutia moto nyumba yenye watu. Ila msimuliaji husahau kutaja kwamba sheria ya London wakati ule iliruhusu nyumba mbili tu kuonyesha tamthilia za maneno katika msimu wa baridi, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1843. Mtu wa mwaka 1599 aliyechukizwa na Rose aliweza kutembea hadi Globe na peni yake mkononi. Mtu wa mwaka 1763 hakuwa na pa kwenda. Hiari yake ilikuwa imebaki katika kukaa kimya au kupiga kelele.

Kelele kubwa kuliko zote zilipigwa mwaka 1809. Covent Garden iliungua Septemba 1808, ikajengwa upya, ikafunguliwa tarehe 18 Septemba 1809 kwa *Macbeth*, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Makbeth* mwaka 1968. John Philip Kemble, msimamizi wake, alipandisha bei: vijumba vya watu wa daraja kutoka shilingi 6 hadi 7, na ukumbi wa chini kutoka shilingi 3 na peni 6 hadi shilingi 4. Alipotokea jukwaani hakuna aliyemsikia. Watu waligeuza migongo, wakapiga kengele na vyuma, wakapandisha mabango yenye kudai bei za zamani, wakacheza ngoma yao kwa kukanyaga mbao kwa vishindo. Iliendelea usiku sitini na saba. Kemble aliajiri mabondia, akiwemo bingwa Daniel Mendoza, kuwatuliza watu, akamwagia mafuta moto aliotaka kuuzima.

Katika mkasa huu peni sita za ukumbi wa chini ndizo zinazotajwa daima. Kuna jambo jingine baya zaidi lisilohusu bei hata kidogo. Kiingilio cha roshani ya juu hakikupandishwa. Kilichofanyika ni kwamba jengo jipya lilitoa safu nzima kwa vijumba vya faragha vya matajiri, na maskini wakasukumwa juu kabisa, chini ya dari, ndani ya vitundu ambavyo watu waliviita matundu ya njiwa, penye mteremko mkali hata aliyekaa huko aliiona miguu ya waigizaji tu. Alilipa kile kile alicholipa mwaka uliotangulia, akapata nusu ya Macbeth, nayo ni nusu isiyosema. Yeyote anayenunua tiketi ya bei ndogo katika ukumbi mkongwe wa London na kukuta nguzo mbele ya macho yake anarithi fikra ya msanifu wa namna hiyo. Mwezi wa Desemba Kemble aliomba radhi. Ukumbi wa chini ulirudi shilingi 3 na peni 6, vijumba vya faragha vikapunguzwa, lakini vijumba vya shilingi 7 vikabaki pale pale.

Nusu bei ilififia katika karne hiyo ya kumi na tisa bila ya vita tena. Nyumba ziliongezeka baada ya 1843, na mchezo ukaanza kuchelewa zaidi ili walaji wa chakula cha jioni wawahi. Viti vya kitambaa vilianza kuusogeza nyuma ukumbi wa chini. Tarehe 31 Januari 1880 ukumbi wa Haymarket ulifunguliwa upya chini ya Squire Bancroft, nao ukumbi wa chini ukiwa umefutwa kabisa na nafasi yake kuwekwa viti vya nusu pauni. Waliozoea kukaa huko walipiga kelele muda mrefu kabla ya kuruhusu pazia kufunguliwa. Mchezo uliokuwa ukingoja ulikuwa wa Bulwer-Lytton, na jina lake, kwa bahati ambayo mtunzi wa vichekesho angeona haya kuibuni, lilikuwa *Money*, yaani fedha.

Ilipita miaka mia moja. Mwaka 1980, katika Leicester Square, hatua chache kutoka Haymarket, kilifunguliwa kibanda cha kuuza tiketi kwa nusu bei. Kilikuwa kimeiga mfano wa New York, ambako mwaka 1973 kibanda kama hicho kilianza kazi katika Times Square. Utaratibu wake ulikuwa huu: tiketi ambazo hazijanunuliwa kwa mchezo wa siku ile ile zilipelekwa kibandani, majina ya michezo yaliandikwa ubaoni, na watu walipanga foleni. Si jambo la kubezwa. Limewaingiza wengi katika kumbi ambazo vinginevyo wangezitazama kwa nje, na limewaokoa waigizaji na aibu ya kuigizia viti vitupu.

Hata hivyo nusu bei ya 1980 si ile ya 1763. Wa zamani alichagua mchezo, kisha akachelewa. Wa sasa anachagua katika vilivyobaki. Kila mtu wa pwani anajua tofauti ya mnada wa asubuhi na samaki wa magharibi: jioni bei imeanguka, na changu hayupo. Mchezo unaosifiwa na mji mzima ni nadra kuonekana ubaoni, na ukionekana ujue umeanza kuchoka. Kwa hivyo mwenye fedha kidogo hufika kwenye foleni akitaka kitu kimoja, na hutoka na kingine, huku akijiambia kwamba ndicho alichokitaka. Mara nyingine kweli hupata johari, kwa kuwa tamthilia ngumu na ngeni nazo hubakiza viti. Lakini peni ya Platter ilimwambia mwenye nyumba: nipe kilicho bora au naenda kwa jirani. Nusu bei ya kibandani haimwambii mwenye nyumba neno hilo. Inamsaidia kumaliza alichonacho.

Wapo waliotambua tofauti hii. Mwaka 2003 ukumbi wa taifa wa Uingereza, chini ya Nicholas Hytner, uliuza theluthi mbili za viti vya ukumbi wake mkubwa kwa pauni 10 kwa msimu mzima, si kwa masalio, ukianza na *Henry V* huku Adrian Lester akiwa mfalme. Viti vilijaa, na wengi walioingia walikuwa hawajawahi kununua tiketi hapo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1997, Globe mpya ilikuwa imefunguliwa ukingoni mwa Thames, karibu na mahali pa ile ya kwanza, kwa paa la nyasi na uwanja ulio wazi kwa mvua. Waliojenga waliiga nguzo na roshani kwa uangalifu mkubwa, lakini waliiga pia mlango: nafasi 700 za kusimama ziliuzwa kwa pauni 5, kwa mchezo wowote, na siku yoyote.

Mwezi wa Aprili 2012, katika tamasha lililozileta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili kilipanda jukwaa hilo. Waigizaji wa Afrika ya Mashariki, wengi wao kutoka Kenya, waliigiza *The Merry Wives of Windsor* kwa tafsiri ya Joshua Ogutu, na Mrisho Mpoto wa Tanzania, mghani mwenye sauti inayojulikana bara na visiwani, akawa Falstaff, mzee mnene anayewatongoza wake wa wenyewe kwa kuwa mfuko wake hauna kitu. Katika tamthilia hiyo Falstaff anafichwa ndani ya kapu la nguo chafu na kutupwa mtoni Thames, ule ule aliouvuka Platter, unaopita hatua chache kutoka mlangoni. Waliokuwa uwanjani walisimama karibu na jukwaa kiasi cha kuweza kuligusa kwa mkono. Walikuwa wametoa pauni 5.